Karatasi Nane za Kaka

Jalada lilikataa kukauka.

Fundi alilipapasa asubuhi ya siku ya tisa, akaligeuza, akalipapasa upande wa pili, kisha akajifuta vidole kwenye shati. Bado lilikuwa na ubaridi wa kitu kilichotolewa majini sasa hivi. Katika miaka ishirini na mbili ya kufunga vitabu alijua kwamba jalada la karatasi zilizogandishwa kwa gundi ya unga hukauka kwa siku mbili, au tatu kama kuna mvua. Na mvua ilikuwa na wiki tano haijaonekana. Majalada mengine sita, yaliyotengenezwa siku ile ile kwa gundi ya sufuria ile ile, yalikuwa yamekauka yakawa magumu kama vigae. Hili moja ndilo lililobaki laini.

Alilinusa. Halikunuka gundi. Lilinuka udongo, tena udongo wa chini kabisa, ule ambao jua halijawahi kuuona.

"Umetia maji mengi," alisema Bibi Sindano kutoka kwenye kiti chake kifupi karibu na dirisha, bila kuinua macho kwenye kazi yake.

"Maji yalikuwa yale yale, mama."

"Basi unga mbovu. Siku hizi wanachanganya hata chokaa. Lianike juani, mwanangu, usilitazame kama mkwe aliyekuja bila taarifa."

Fundi alicheka kidogo, akalirudisha jalada ndani ya kibanio cha chuma, akakaza mpini mpaka ukalia. Hakulianika juani. Hakutaka mtu mwingine aliguse.

Bibi Sindano ndiye aliyeshona vitabu vyote vilivyotoka katika karakana ile. Alikuwa mama mtu mzima, miaka sabini na kitu, na hakujua kusoma hata herufi moja. Alishona vitabu vya hesabu, vya historia, hadithi za mapenzi za kuliza watu, na kwake vyote vilikuwa kitu kimoja: matundu matano mgongoni na uzi uliopakwa nta. "Kikifunguka vizuri, hicho ni kitabu kizuri," alipenda kusema. "Mengine ni yenu wasomi." Alimwita Fundi mwanangu, naye akamwita mama, ingawa hawakuwa ndugu. Mtoto wake wa kumzaa alifia machimboni miaka ishirini na mitatu nyuma. Watu walimwita Mjusi kwa wembamba wake, maana alipita popote palipopita kichwa chake.

Fundi alikuwa naye siku hiyo. Hilo kila mtu mtaani alilijua, na kwa hilo walimsifu. Tazameni mtu mwema, walisema. Rafiki yake kafukiwa na shimo, yeye akarudi, akajifunza ufundi, akamchukua mama wa marehemu akampa kazi, na kila asubuhi anamchemshia chai kwa mkono wake. Fundi aliposikia maneno hayo aliinamisha kichwa. Basi watu wakaongeza: na mnyenyekevu pia.

Lile jalada lilikuwa la kitabu cha kaka yake.

Kaka alikuwa amefariki miezi miwili kabla. Alikuwa mtu wa safari na hasara. Aliungana na mtu mwenye lori, lori likaungua katika safari ya kwanza. Alipika katika meli ambayo nahodha wake alikuwa mgonjwa wa tumbo na hakula chochote, akafukuzwa kwa kosa la chakula kubaki. Alifuga nyuki pamoja na shemeji yake, nyuki wakahamia kwa jirani. Mara moja alioa ili kupatanisha koo mbili zilizogombana miaka kumi; zikapatana kweli, kisha zote mbili zikamgeukia yeye. Mwaka wake wa mwisho, akiwa kitandani, aliyaandika hayo yote katika madaftari manne, kwa mkono, na juu ya kila ukurasa akatanguliza jina la Mwenyezi Mungu.

"Kila nilikokwenda kulikuwa na mtu nyuma yangu," alimwambia Fundi siku za mwisho, kwa sauti ya kukauka. "Hasemi mengi. Anagonga tu. Nikijenga, anagonga, nikioa, anagonga. Nilimuuliza, unataka nini? Akasema nitakuacha siku uliyoyaficha yatakaposomwa kwa mwenyewe."

"Ni homa, kaka."

"Homa haina subira kama ile. Nisikilize. Ukifunge kitabu changu, usipunguze hata karatasi moja. Kisha umsomee mama yake Mjusi, mwanzo mpaka mwisho. Niapie."

Fundi aliapa. Aliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, mkono wake ndani ya mkono wa kaka yake uliokuwa umebaki mifupa.

Baada ya mazishi aliketi karakanani peke yake, akayasoma madaftari. Alicheka kwenye meli, akalia kwenye nyuki. Alipofika katikati ya daftari la tatu akakuta karatasi nane zinazohusu machimbo, akazisoma mara moja tu, akaenda kufunga mlango kwa komeo.

Kuzichoma hakuweza. Juu ya kila ukurasa palikuwa na lile jina, na Fundi hakuwa mtu wa kutia jina lile motoni, wala kulitupa jaani. Hapo ndipo ufundi wake ulipomshauri vibaya. Alizichomoa zile nane, akazipaka gundi moja baada ya nyingine, akazilaza pamoja, akaongeza karatasi chakavu juu na chini, akatengeneza jalada. Jalada la kitabu kile kile. "Hakuna iliyopungua," alisema kwa sauti, brashi mkononi, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia. "Zote zimo kitabuni. Sikuapa kwamba zitasomeka."

Siku zilizofuata Bibi Sindano alishona madaftari, na Fundi akamsomea huku akishona. Alipofika kwenye machimbo alivuka kwa upole, kama mtu anayeruka dimbwi.

"Na mwanangu je?" aliuliza mama. "Kaka yako hakumwandika?"

"Kamwandika. Anasema udongo ulimfunika mara moja. Hakusikia maumivu."

"Alhamdulillahi," alisema mama, akapitisha sindano. Kisha vidole vyake vikasita. Alilibana fungu lile la karatasi kati ya kidole gumba na cha shahada, akalipima. "Hili limepungua. Ni jembamba kuliko wenzake."

"Ndivyo alivyoandika."

Mama alimtazama. Akaendelea kushona.

Siku ile ya tisa, mara baada ya alasiri, kibanio kilianza kugonga.

Ko. Ko. Ko. Kikanyamaza. Ko. Ko. Ko.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa ndogo na ya mbali, kama vile ndani ya chuma kile kulikuwa na chumba, na ndani ya chumba kulikuwa na kingine, na mtu yuko huko mwisho. Bibi Sindano alisimamisha sindano hewani.

"Umesikia?"

"Mbao za rafu, mama. Joto hili."

"Mbao hazihesabu," alisema mama. "Hiyo ni tatu, tena tatu."

Kuanzia hapo harufu ya udongo haikutoka. Ilikaa kwenye pazia, kwenye uzi, kwenye nywele za Fundi. Mkewe alimnusa alipofika nyumbani akauliza, "Baba watoto, siku hizi unafunga vitabu au unachimba visima?" Alicheka, lakini alizifua nguo zile mara mbili na maji yalitoka mekundu. Karani wa shule akarudisha daftari la mahudhurio lililofungwa wiki iliyopita. Alilifungua mezani, na kutoka mgongoni mwake ukamwagika udongo laini wenye unyevu, mstari mmoja mrefu. "Fundi, umekuwa mkulima?" aliuliza. Fundi aliufuta kwa mkono wake, akaomba radhi, akasema atalifunga upya. Lakini aliendelea kuifuta meza hata ilipokuwa safi, na karani alipoona hivyo akaacha utani, akaondoka haraka.

Ila Bibi Sindano alifurahi. Hilo ndilo lililomtisha Fundi kuliko udongo. Alianza kuja mapema kabla ya mlango kufunguliwa, amechana nywele, amevaa gauni lake jipya. Alikisogeza kiti chake kutoka dirishani akakiweka karibu na kibanio, akawa anashona huku kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesimuliwa kitu kitamu.

"Ameniita tena," alisema siku ya kumi na mbili.

"Nani, mama?"

"Wewe humsikii? Kaniita mama. Sauti ile ile, ya puani kidogo, kama alipokuwa na mafua." Akatabasamu. "Anasema ana kiu."

Fundi aliona chupa ya maji mkononi mwake. Aliona maji yakitiririka juu ya kibanio, juu ya chuma, yakipita kwenye jalada na kuingia kwenye ufa wa sakafu. Hayakuonekana kutokea upande wa pili.

"Mama, usifanye hivyo."

"Nimnyime maji mwanangu?"

Angeweza kulitoa jalada lile wakati huo huo. Angeweza kusema. Aliufungua mdomo, na kilichotoka ni, "Utaharibu vitabu vya watu."

Mama alikonda. Chai ya asubuhi ikawa inapoa mbele yake. Kucha zake, ambazo siku zote zilikuwa safi kwa sababu ya karatasi za watu, zilianza kuwa na udongo chini yake, na alipoulizwa alificha mikono kama mtoto. "Anasema nimfuate," alinong'ona. "Ni karibu tu, anasema. Njia nyembamba, lakini na mimi nimekonda, nitapita."

Ijumaa ya wiki ile Fundi alitoka msikitini mchana, akafika karakanani, akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Aliusukuma kwa bega mpaka komeo likatoka, na alipoingia aliona kwanza kiti kifupi kimeanguka, kisha kibanio kimesukumwa pembeni ingawa kilihitaji wanaume watatu kukisogeza, kisha sakafu ya saruji imevunjwa pale chini kilipokuwa, na ndani ya tundu lile jeusi, lililokuwa la upana wa ndoo na hakuna mtu aliyejua lina kina gani, Bibi Sindano ameingia kichwa na mabega na mkono mmoja, miguu yake myembamba imebaki nje inajisukuma na kujisukuma, na sauti yake inatoka chini kwa furaha ikisema nakuja, baba, nakuja, vuta mkono wangu, huku sauti nyingine, ya puani kidogo, changa, isiyozeeka hata siku moja kwa miaka ishirini na mitatu, inamjibu taratibu, na Fundi alipopiga magoti kumshika mama miguu na uso wake ukakaribia lile tundu, ile sauti ikamwacha mama, ikamgeukia yeye, ikamwambia maneno nane ambayo hapakuwa na mtu hai aliyeyajua isipokuwa yeye.

Alivuta. Kitu kilivuta upande wa pili. Alipiga kelele akimtaja Mungu wake, akavuta tena, na mama akatoka, mdomo umejaa udongo, analia kama aliyenyang'anywa.

Mke wa Fundi ndiye aliyekwenda kumwita Shehe. Alikuja kuleta chakula, akaona lile tundu, akaona mama alivyo, akaweka sahani chini akatoka mbio.

Shehe alikuwa fundi wa saa. Siku za kazi alikaa kwenye kibanda chake na kioo cha jicho moja, na aliitwa kusomea wagonjwa kwa sababu hakuwa na papara. Aliingia, akatoa salamu, akalitazama tundu, akamtazama mama aliyelazwa kwenye mkeka, kisha akazunguka karakana taratibu akiweka sikio kwenye kitu kimoja baada ya kingine. Alipofika kwenye kibanio alilegeza mpini, akalitoa jalada, akaliweka sikioni kama anavyofanya na saa za watu.

"Hii inatembea," alisema. "Umetia nini humu?"

"Karatasi tu, Shehe."

"Karatasi tu." Alilirudisha mezani, akaketi karibu na mama, akaanza kusoma. Alisoma kwa sauti ya chini, aya baada ya aya, bila kukaza wala kulegeza. Mama alitulia. Kisha mwili wake ukanyooka, na mdomo wake ukafunguka, na mke wa Fundi akajifunika uso kwa sababu sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamke.

"Sikuingia kwa nguvu," ilisema.

"Nani aliyekufungulia?" aliuliza Shehe.

"Wao. Walimswalia mtu hai. Mimi nilikuwa humo kabla yao, nimelala. Wakaniamsha."

"Nani hao?"

"Muulize mwenye gundi."

Mama alilegea. Shehe akamgeukia Fundi. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kuchoka.

"Naweza kumsomea mpaka kesho kutwa," alisema. "Atatoka, atarudi. Ana pa kushika. Wewe ndiye uliyempa pa kushika, na mimi sina kisu cha kukata hapo. Mama huyu hamalizi wiki. Akiingia tundu lile tena hamtampata."

"Shehe, nikilifungua jalada hili, ataniona mimi ni nani."

"Na usipolifungua?"

Mke wa Fundi alikuwa amesimama ukutani. "Baba watoto," alisema polepole, "ni nini umefanya?"

Fundi alichemsha maji, akayamimina kwenye beseni, akalizamisha jalada. Kazi hiyo aliijua. Alisubiri gundi ilegee, akaingiza ncha ya kisu pembeni, akaanza kubandua. Karatasi chakavu zilitoka kwanza, zikachanika. Kisha zikaja za kaka, moja, nyingine, nzima kabisa, wino haujatoka, kama vile zilikuwa zinangoja. Alizipanga juu ya meza, nane. Bibi Sindano alikuwa amefumbua macho. Aliinuka mwenyewe, akaketi, akajifuta udongo mdomoni.

"Zile ndizo zilizopungua," alisema.

"Ndizo, mama."

"Soma."

Alisoma. Sauti ilimkatika mara nyingi, na kila ilipokatika, kutoka kwenye tundu ilisikika ko, ko, ko, ya kumhimiza. Alisoma jinsi vijana watatu, ndugu wawili na rafiki yao, walivyoshikana mikono wakaapa kwamba watakachokipata ni cha wote na atakayekwama hataachwa. Alisoma jinsi walivyoambiwa na msimamizi kwamba shimo lile limefungwa, na siku kaka alipokwenda mjini, mdogo wake na Mjusi wakaingia kwa siri. Alisoma jinsi kaka alivyorudi kesho yake, akakuta watu wamekwisha kutawanyika, wameambiwa kwamba Mjusi amekufa, mdogo wake ameuona mwili kwa macho yake. Akaenda peke yake kwenye lile rundo la udongo kuomba dua. Akalaza kichwa chake chini.

"'Nikasikia anagonga,'" alisoma Fundi. "'Tatu, tena tatu. Nikamwita mdogo wangu, nikamshika ukosi wa shati. Akasema ni mawe yanatulia. Nilijua si mawe. Lakini nilimtazama, nikaona kwamba nikiita watu, nitampoteza na yeye. Nikamwachia shati. Tukakaa tukisikiliza mpaka siku ya tatu. Halafu pakawa kimya, tukakubaliana.'"

Alisimama hapo.

"Umemaliza?" aliuliza mama.

"Nimemaliza."

"Hujamaliza. Mkono wako bado umeshika karatasi."

Ilikuwa ya nane. Ilikuwa na mistari miwili tu. Alisoma: "'Mjusi alisema na mdogo wangu kupitia ufa kabla hajaondoka pale. Alimwambia nini, mimi sijui. Mama, muulize yeye.'"

Nje mtu alikuwa anauza kitu, anapita anaita. Tundu halikugonga. Lilikuwa linasikiliza.

"Mwanangu alikuambia nini?" aliuliza Bibi Sindano.

Fundi alipiga magoti. Alijaribu kwanza kusema habari ya nguzo, kwamba yeye ndiye aliyeing'oa nguzo ya mbao iliyozuia udongo, kwa sababu walikuwa na upungufu wa nguzo upande mwingine na alidhani ile si muhimu. Kwamba juu yake palikuwa na alama ya shoka lake, na watu wangechimba wangeiona, na shimo lilikuwa limekatazwa, na alikuwa na miaka kumi na tisa.

"Sikukuuliza nguzo."

"Alisema, 'Nenda ukaite watu. Mimi niko hapa, nagonga, fuateni.'"

"Alikuwa anaogopa?"

"Hapana, mama. Alikuwa ananituliza mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nalia."

"Ukaenda."

"Nikaenda. Nikawaambia amekufa."

Mke wa Fundi alitoa sauti ndogo, akatoka nje. Mama hakumfuata kwa macho.

"Na ile swala?"

"Tuliswali alasiri ile ile, juu ya udongo. Wao hawakujua. Mimi nilikuwa safu ya mbele." Hapa Fundi aliongea kwa shida, kama mtu anayebandua ngozi yake mwenyewe. "Tulikuwa tumevua viatu. Kwenye takbira ya tatu nilimsikia kwa nyayo. Alikuwa anagonga chini ya mguu wangu wa kulia. Nikauhamisha mguu."

Kutoka kwenye tundu ikasikika ko, ko. Ya tatu haikuja. Pazia lilitikisika mara moja ingawa hapakuwa na upepo, na ile harufu ya udongo, iliyokuwa imekaa humo kwa siku nyingi mpaka wameizoea, ikaondoka ghafla, na pakabaki harufu ya gundi na karatasi mbichi. Shehe alingoja. Alisogea, akaweka sikio sakafuni, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Katoka," alisema. "Tundu hili sasa ni la kina cha mkono mmoja tu, lina mwisho. Mtaliziba kesho."

Bibi Sindano alikuwa anazitazama zile karatasi nane mezani, asizoweza kuzisoma.

"Alikuwa mwanangu?" aliuliza. "Yule aliyeniita?"

"Hapana, mama," alisema Shehe. "Aliyekufa harudi, yuko kwa Mola wake. Huyu alikuwa humo shimoni. Alikaa na mwanao siku zile tatu akimsikiliza, akajifunza sauti yake."

"Basi hakuwa peke yake," alisema mama, na hakuna aliyejua kama hilo lilimliwaza au lilimvunja. Kisha akamgeukia Fundi. "Ile chai. Kila asubuhi, miaka yote hii. Ilikuwa ya nini?"

Fundi alitaka kuomba msamaha, na neno lilikuwa tayari, lakini aliona kwamba kulitoa ingekuwa kumwomba kitu kingine tena mtu ambaye tayari amemchukulia vingi.

Mama alishika ukingo wa meza, akasimama. Fundi akanyoosha mkono kumsaidia. Mama akaupita mkono ule kama mtu anavyopita kiti.

"Shehe," alisema. "Walimswalia alasiri ya kwanza, na yeye akafa siku ya tatu. Si ndivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Basi mwanangu hajaswaliwa."

Shehe alifikiri. "Hajaswaliwa," alikubali.

"Tangulia mbele. Mimi nitakaa nyuma." Alimwelekeza Fundi kwa kidole, bila kumtaja kwa jina lolote. "Na huyu avue viatu."

Walitawadha kwa zamu, kwa birika moja. Walisogeza meza, wakakunja mkeka, kwa sababu mama alisema hataki mkeka, anataka chini penyewe. Fundi alisimama kulia kwa Shehe, nyayo zake wazi juu ya saruji baridi, hatua mbili kutoka kwenye tundu. Shehe alitoa takbira ya kwanza. Akatoa ya pili. Nyuma yao mama hakulia. Alisikika tu akipumua.

Kwenye takbira ya tatu, Fundi alisikia. Kidogo, mbali, chini ya mguu wake wa kulia. Tatu, tena tatu. Alimwangalia Shehe kwa pembe ya jicho, naye Shehe, mtu wa kusikia saa ndogo kabisa, alikuwa ametulia, macho yake chini, midomo ikienda na dua. Yeye hakusikia kitu. Mama naye hakusikia kitu.

Fundi aliukaza mguu wake pale pale, na takbira ya nne ilipotolewa bado ulikuwa pale, na Shehe alipogeuza uso kulia kutoa salamu alimkuta Fundi amesimama vile vile, jasho linamtiririka, anasikiliza.